Bibi hana hema, anahema: mwezi wangu na programu ya manukuu

Kwenye sehemu ya nne ya tamthilia ninayoiandikia manukuu, bibi mmoja anapanda ngazi za hospitali mpaka ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Anafika juu, anaegemea ukuta. Mjukuu anamwita nesi: "Dada, tusaidie kiti, bibi anahema." Programu niliyoilipia kwa pesa yangu ikaandika chini ya picha, bila aibu: Bibi ana hema.

Ilikuwa saa tano ya usiku. Nilicheka mpaka mwanangu akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Kisha nikaacha kucheka, maana faili ile ilitakiwa iende kwa mteja asubuhi, na kama ningeiamini mashine nikaituma hivyo hivyo, watu wangebaki wanamtafuta bibi na hema lake mpaka tamthilia inaisha.

Mie kazi yangu ndiyo hii, manukuu, yale maandishi ya chini ya picha ambayo mtaani tunaita sabutaito. Nafanyia nyumbani, Tanga, maeneo ya Ngamiani, kwenye meza ambayo mchana ni ya kulia chakula. Wateja wangu ni vijana wanaotengeneza tamthilia za kuweka mtandaoni. Tangu mwaka jana mmoja wao anataka manukuu ya viziwi, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Hapo huandiki mazungumzo tu. Unaandika na sauti: mlango unagongwa, mvua inanyesha, simu inaita, kila kitu kwenye mabano ya mraba. Kazi ikanizidi, nikatafuta msaada, nikaangukia kwenye programu hii inayosikiliza sauti na kuigeuza maandishi. Jina lake naliweka kando. Shilingi 36,000 kwa mwezi, unalipa kwa simu, na wanakupa siku 7 za kujaribu bure, ila kwa dakika 30 tu za sauti, ambazo hata sehemu mbili hazitoshi.

Nianze na haki yake. Maneno ya kawaida inayaandika vizuri kuliko nilivyotarajia. Dakika 24 za tamthilia inazimaliza kwa dakika 7 mtandao ukiwa umekaa sawa. Mimi kwa mkono, kusikiliza, kusimamisha, kuandika, kurudisha nyuma, zilikuwa zinanila siku nzima. Maandishi yanaingia na kutoka kwa wakati. Mistari inakatwa isizidi herufi 42, kipimo tulichozoea wenye kazi hii. Msanii akisema "laki mbili na nusu" inaandika 250,000. Lafudhi ya Dar inaimeza bila maji, ya huku kwetu inajikwaa kidogo, na vijana wakianza kuongea wote kwa pamoja inaandika uji. Bando inalila kama mchwa, na umeme ukikatika katikati ya kupakia faili unaanza upya toka mwanzo. Hayo yote navumilia.

Tatizo linaanza watu wanaponyamaza.

Kwa manukuu ya viziwi programu ina lebo zake za sauti, nilizihesabu ziko 9: muziki, makofi, kicheko, kilio, kikohozi, mlango, simu, kelele, na ya mwisho "anapumua". Basi. Kila hewa inayotoka au kuingia kinywani mwa binadamu, ikisikika, inatupwa kwenye kapu hilo moja. Mama amepokea habari kuwa mwanawe amepatikana mzima: [anapumua]. Mzee amekaa barazani anafikiria deni: [anapumua]. Kijana kakimbizwa na mgambo kajibanza nyuma ya kibanda cha chipsi: [anapumua]. Mke kasikia mume akidanganya mbele ya wageni: [anapumua].

Wiki ya kwanza sikuliona hilo kama jambo kubwa. Aliyenionyesha ni shemeji yangu, mume wa dada. Ni fundi cherehani, na haisikii sauti yoyote tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 9. Ndiye mkaguzi wangu: kila sehemu nikiimaliza namtumia kwanza yeye, naye anaitazama akiwa kwenye cherehani yake, kisha ananiandikia. Baada ya sehemu ya nne akaniandikia hivi: "Shem, huyu mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa anakufa?"

Nikamjibu hapana, huyo mzima, kalazwa kwa mguu tu.

"Sasa mbona mnanitangazia kwamba anapumua? Mara tatu. Nikajua alikata roho akarudi."

Nikarudi kutazama. Kweli bwana. Ndani ya wodi, neno "anapumua" ni taarifa ya daktari kwa ndugu walioko kwenye benchi. Unaliandika pale ambapo kutopumua kuliwezekana. Mgonjwa yule hakuwa anapumua kwa maana hiyo. Alikuwa anashusha pumzi, kwa sababu mkewe alikuwa amemletea uji kwa mara ya tano siku ile na yeye hataki uji. Mimi mwenye masikio nilisikia sauti, sikusoma lebo. Shemeji hana pa kukimbilia, ana lebo tu.

Toka hapo nikaanza kuifanyia hesabu programu hii kwa upande wa pumzi, na nakiri nimetumia usiku mwingi kuliko inavyostahili.

Kushusha. Hebu litazame neno lenyewe. Unashusha mzigo kutoka kichwani, unashusha magunia kwenye lori, abiria wa daladala anapiga kelele "shusha!" kituo kinapopita. Basi na pumzi nayo ni mzigo, ilikuwa imepandishwa mahali fulani, huko kifuani au begani sijui, sasa inawekwa chini. Ndiyo maana neno hilo hilo linafaa kwa furaha na kwa uchovu: aliyefaulu mtihani anashusha pumzi na aliyefeli anashusha pumzi. Wote wametua mzigo wa kungoja. Kwa anayesikia, sauti yenyewe inasema ni upi. Kwa asiyesikia lazima uongeze kitu, na hapo herufi 42 zinaanza kukubana. [anashusha pumzi] pamoja na mabano ni herufi 17. [anashusha pumzi kwa ahueni] ni 28. Mstari mmoja unapita. Lakini kama mhusika mwingine naye anaongea wakati huo huo, unahitaji mstari wa pili, na mtazamaji ana sekunde mbili tu za kusoma vyote.

Na hiyo ni moja tu. Kuna kuhema, kwa bibi wa ngazini, kifua kinapanda na kushuka. Kuna kutweta, ambako mie nakuweka kwa yule kijana aliyekimbizwa na mgambo, mdomo wazi kama mbwa wa mchana. Kuna kupiga kite, ambako vijana wa studio hawakujui kabisa. Nilipoandika [anapiga kite] kwa mama mjamzito akiwa kwenye uchungu, mhariri wao akanipigia simu kuuliza kite ndiyo nini, tiara? Nikamweleza ni ule mguno wa kutoka chini kabisa, wa mtu mwenye maumivu, hasa mama anayejifungua. Sikumwongezea kwamba wazee wa pwani neno hilo hilo wanalitumia kwa mapenzi ya moyoni, kwamba mwanamke anaweza kuambiwa hana kite na mumewe. Ingemchanganya zaidi. Akaomba tuandike "anaugulia". Nikakubali kwa shingo upande.

Kuna kuguna, ile "mh" ya kifuani iliyofungiwa mdomo, ambayo kwa urefu na mpando wake inaweza kuwa "sijaamini", "haya endelea tu", au "nilijua". Na kuna msonyo.

Msonyo programu haiusikii kabisa. Hata kwenye "anapumua" hauingii. Pengine kwa sababu hewa yake haitoki, inavutwa ndani kupitia meno, na mashine imefundishwa kungoja hewa ya kutoka. Sijui ufundi wao. Ninachojua ni kwamba kwenye sehemu ya tano, dakika ya 11, mama mkwe anaingia jikoni, anafunua sufuria, anaona wali umeshika ukoko mnene, anamtazama mkaza mwana, na anasonya. Msonyo mrefu, wa kishangazi hasa, una mwanzo, kati na mwisho. Mkaza mwana anatupa mwiko na kutoka nje. Programu iliandika nini hapo? Ilikuwa imeweka [kelele], nadhani ya mwiko. Shemeji akaniandikia: "Huyu binti ana wazimu? Katazamwa tu, katupa mwiko."

Nilipomwambia kulikuwa na msonyo akakaa kimya kidogo, kisha akaandika, "Mrefu?" Nikamwambia mrefu. "Basi ana haki."

Anaukumbuka, kumbe. Miaka 9 ya kusikia kwenye nyumba ya bibi yake Pangani, na katika sauti alizobaki nazo kichwani msonyo umo. Bibi huyo, anasema, alikuwa haiti kusonya, akiita kufyonya, na alikuwa anaweza kufyonya kwa muda wa kutoka mlangoni mpaka kisimani.

Nikajitungia kanuni ambayo sasa naitumia kila siku. Si kila pumzi inaandikwa. Mwili wenyewe unashusha pumzi bila kutuuliza: mwaka 2016 watafiti wa Marekani, wa Stanford na Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, walionyesha kwenye jarida la Nature kwa panya jinsi kundi dogo la seli kwenye shina la ubongo linavyoamuru pumzi hiyo ya mkupuo, na binadamu anaivuta kama mara 12 kwa saa, ili vile vifuko vidogo vya hewa mapafuni vilivyosinyaa vifunguke tena. Ukiandika zote hizo utamjaza mtazamaji mabano. Kwa hiyo natazama kama kuna mtu anayejibu. Kama mwenzake kageuka, kanuna, kauliza, kanyamaza ghafla, basi ile haikuwa hewa, lilikuwa neno, na linaandikwa. Na Waswahili pumzi tunazijibu! "Unaguna nini?" "Unanisonya mimi?" Angalia hilo "unanisonya": msonyo una mtu wa kupigwa nao, kama jiwe. Mtu anasonywa. Mtu anaguniwa pia, tena tunasema kabisa "usinigunie", neno ambalo sijathubutu kuipa programu hii, isije ikaniandikia gunia.

Katika sehemu ya tano nzima, kwa kanuni hiyo, nilipata pumzi 31 za kuandikwa. Programu ilikuwa imeziona 14, zote "anapumua".

Na kuna kosa moja ambalo silichekei. Daktari anauliza, "Umemeza vidonge vya asubuhi?" Mgonjwa anajibu "aa-aa", kwa pumzi iliyokatwa katikati kooni, maana yake hapana. Programu ikaandika "Ahaa". Sasa "ahaa" ni mtu aliyeelewa, anakubaliana na mwenziwe. Jibu limegeuzwa miguu juu, na hii ni kwenye tamthilia tu. Nikafikiria mtu anayeitumia kunukuu mazungumzo ya kliniki kweli. Vile vile "mm" ya ndiyo na "m-m" ya hapana inaziandika zote "Mm". Nimejaribu kwa sauti yangu, ya mwanangu na ya jirani, mara 10 kwa kila mmoja. Haitofautishi.

Huduma kwa wateja. Niliwaandikia, kwa Kiswahili, kwa sababu kwenye ukurasa wao wamejaza bendera zetu. Siku mbili baadaye likaja jibu la kimashine, kunishukuru kwa maoni yangu ya thamani. Nikaandika tena, mara hii kwa ukali kidogo. Akajibu mtu, na huyo nampa sifa zake: aliuliza maswali ya maana, akataka nimtumie mfano wa sauti ya msonyo, mitano tofauti, kila mmoja na maelezo yake.

Basi siku ya Jumamosi asubuhi mwenzenu nikakaa dirishani, ndipo penye utulivu, simu mkononi, nikaanza kurekodi. Mfupi wa kukereka. Mrefu wa dharau. Wa kujisonya mwenyewe, umesahau funguo. Nikiwa kwenye wa nne, ule wa kumsindikiza mtu aliyekwisha kupa mgongo, mama wa nyumba ya pili alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama. Akaweka ndoo chini.

"Mama Rama, unanisonya mimi?"

"Hapana dada yangu, nafanya kazi."

"Kazi ya kusonya?"

Nikatoka nje na simu, nikamsikilizisha mitatu ya mwanzo ili kujitetea. Akasikiliza yote, kichwa kakiinamisha, halafu akaguna. "Huo wa pili hujauvuta vizuri," akasema, akanichukua simu na kuufanya yeye. Ndio niliowatumia. Ulikuwa na sekunde 3 kamili.

Matokeo: wiki mbili baadaye walitoa toleo jipya, na sasa mtumiaji anaweza kuongeza lebo zake mwenyewe hadi 20. Nimeweka: anashusha pumzi, anahema, anatweta, anaguna, msonyo, msonyo mrefu, kwikwi, anavuta pumzi kwa kushtuka, na kite nimekirudisha, mhariri atajijua. Kubofya lebo ni haraka kuliko kuandika, na hilo limenipunguzia kazi kweli. Lakini kusikia, programu bado haisikii. Lebo naziweka kwa mkono, hedifoni masikioni, pumzi kwa pumzi. Na lile "anapumua" lao bado linajibandika lenyewe, na lazima ulifute moja moja. Nimeuliza kama naweza kulizima. Wamesema wanalifanyia kazi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama uilipie. Kama unanukuu hotuba, mahubiri, mafunzo, habari, mtu mmoja anayeongea mbele ya kipaza sauti, ilipie hata leo, pesa yako itarudi ndani ya wiki. Kama ni tamthilia kwa wanaosikia, ilipie lakini usitume faili bila kupitia. Mkumbuke bibi na hema lake. Kama ni mazungumzo ya hospitali au mahakamani, mimi nisingeigusa mpaka ijue "aa-aa" na "ahaa" ni vitu viwili. Kama ni manukuu ya viziwi, itakufanyia nusu ya kazi, ile nusu rahisi. Kwangu sehemu moja ya dakika 24 sasa inanichukua kama saa mbili na nusu badala ya siku, na saa moja na dakika 40 kati ya hizo ni za pumzi peke yake. Nyota 3 kati ya 5. Ya tatu ni ya yule kijana aliyenijibu, na kwa haki kidogo ni ya mama wa ndoo.

Mwezi wangu unaisha tarehe 14. Nitalipia mmoja zaidi. Wa mwaka mzima, ambao wanaubembeleza kwa punguzo kila ninapofungua ukurasa, hapana kwanza. Sehemu ya sita nilimtumia shemeji juzi. Alirudisha maoni mawili tu. La kwanza, dakika ya 8 maandishi yamefunika uso wa mtoto, niyapandishe juu. La pili, dakika ya 19, nimeandika [msonyo] na chumbani wako watu watatu. Anataka kujua kasonywa nani.